Tai Melini, Kaptura Mtaani

Melini Queen Mary 2, usiku wa gala wanaume hutakiwa suti ya rangi iliyokoza na tai. Asiyetaka ana kumbi zake. Norwegian Cruise Line iliondoa ulazima huo mwaka 2000. Abiria hubishana: hawa wasema wamelipa fedha zao, wale waona vazi ni heshima kwa wenzao mezani. Sisi tuko na hao wa pili. Lakini meli ikitia nanga Unguja, baadhi hushuka Mji Mkongwe mabega wazi! Aliyeweza tai kwa chakula, atashindwaje kujitanda kanga mitaani kwetu? Tuwaambie kwa upole, wengi hawajui. Na sisi tunaovua kofia na mitandio tukishatoka madrasa, tutawaambia kwa uso upi?