Msipime Imani ya Mama kwa Moyo wa Mwanawe

Kuna swali linaloulizwa sana kando ya vitanda vya watoto wachanga wenye matatizo ya moyo, na kila nikilisikia natamani muulizaji asindikizwe nje ya wodi kwa heshima zote: "Mama, lakini unaamini kweli?" Huulizwa kwa upole, mkono ukiwa begani. Anayeuliza amekuja na juisi ya boksi, na anataka aombe kabla muda wa kuona wagonjwa haujaisha. Hana nia mbaya hata kidogo. Ila ndani ya swali lake imo hesabu nzima: imani ya mzazi ikitimia, mtoto atapona; mtoto asipopona, tunajua pa kutafutia upungufu.

Hesabu hiyo ni ya uongo, na ni ukatili. Tena wanaoipiga kwa jina la dini hawana pa kuitoa, si msikitini wala kanisani.

Tuanze na mwili wenyewe. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja ana hitilafu ya moyo. Zipo ndogo, zipo za kuua. Inayosikika zaidi mitaani ni "tundu kwenye moyo", na mara nyingi maana yake ni kwamba ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini haukukamilika. Tundu likiwa dogo, hasa likiwa kwenye sehemu ya ukuta yenye misuli, mara nyingi hujifunga lenyewe mtoto anavyokua. Daktari humwambia mama arudi baada ya miezi kadhaa. Akirudi, kipimo cha eko kinaonyesha pameshaziba. Jumapili inayofuata mama huyo atasimama mbele ya waumini kutoa ushuhuda, na ana haki ya kushangilia mpaka sauti imkauke.

Sasa mweke pembeni yake mama wa pili, aliyefunga na kuomba sawa na yeye, pengine kumzidi. Moyo wa mwanawe una uwazi mkubwa katikati, vyumba vyote vinne vinapitishiana damu. Hali hiyo huwapata sana watoto wenye sindromu ya Down, ambao karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo. Uwazi huo haujifungi. Unataka upasuaji, na unautaka mapema, mtoto akiwa bado na miezi michache. Kilichowatofautisha akina mama hawa ni mahali tundu lilipokaa, jambo lililoamuliwa tumboni katika wiki nane za mwanzo za mimba, wakati wanawake wengi hata hawajajijua kama ni wajawazito. Kwa watu wetu, hata hivyo, mmoja ni shujaa wa imani na mwingine anaulizwa kama anaamini kweli.

Lipo jambo baya zaidi, ambalo wanaoharakisha kutangaza uponyaji wangelijua wangetulia kidogo. Mtoto mwenye tundu kubwa hupata damu nyingi mno kwenye mapafu. Ndiyo maana anapumua mbiombio hata akiwa amelala. Akinyonya, jasho linamtoka kipajini. Anaachia ziwa baada ya mafunda machache, anahema, analirudia, anachoka, analala na njaa. Kwenye kadi ya kliniki, ule mstari wa uzito umelala. Lakini mishipa ya mapafu ikipigwa na presha hiyo miezi na miezi huanza kukakamaa, na ikikakamaa, damu haiwezi tena kumiminika kwa wingi ule. Nyumbani wataona nini? Wataona nafuu. Jasho limekata. Mtoto ananyonya mpaka anashiba, mashavu yanaanza kujaa. Hata ule mvumo ambao daktari alikuwa akiusikia kifuani unaweza kufifia mpaka usisikike. Jamaa wanapigiana simu kwamba Mungu ametenda, dawa zinaachwa, tarehe ya kliniki inapita. Baada ya miaka midomo na kucha zinageuka bluu, na anaporudishwa hospitali wazazi wanaambiwa kwamba kulifunga tundu sasa kunaweza kumuua. Madaktari wanaiita hali hiyo kwa jina la Victor Eisenmenger, daktari wa Austria aliyeieleza mwaka 1897. Kwa hiyo upo ushuhuda uliotolewa kwa machozi ya furaha katika siku zilezile ambazo mtoto alipaswa kuwa kwenye meza ya upasuaji. Aliyemshika mama mkono siku ile akampandisha jukwaani hatakuwepo siku ya bluu.

Na mama huyu, kabla imani yake haijawekwa kwenye mizani, alikuwa ameshahukumiwa mara mbili. Mtoto asiyeongezeka uzito, mtaani kwetu, amebemendwa. Maana yake mama au baba ametoka nje, au wamelala pamoja mapema mno, na wanaonyooshewa kidole kwa kawaida si wawili. Kikohozi na kutapika vikizidi, anakuja jirani mwenye huruma na kusema ni kimeo, na mtoto ambaye shida yake ni pumzi anapelekwa kwa fundi akakatwe kidakatonge. Kisha kombe, hirizi, maji ya upako, kila nyumba kwa mila yake. Akifika kwenye eko amechoka, ameaibishwa, na hana pesa. Hapo ndipo anakutana na hukumu ya tatu. Ukiniuliza mimi, "imani haba" ni kubemenda ileile iliyovalishwa suti: mtoto anaumwa, kosa ni la mama, na kosa lenyewe limefichika mahali ambapo hawezi kulikanusha. Baba, nisisahau kusema, huulizwa habari za pesa tu.

Nilimwona mmoja wao kwenye korido ya kliniki ya moyo, faili mapajani, fomu ya ridhaa juu ya faili, simu sikioni. Mwanawe alikuwa na miezi mitano, amefungwa mgongoni kwa khanga, kichwa kimeegemea upande. Sauti ya mama mkwe ilikuwa kubwa kiasi cha sote kuisikia.

"Mwanangu, usisaini leo. Mtumishi amesema tufunge siku tatu kwanza."

"Mama, wamesema nafasi yake ni kesho."

"Nafasi anatoa Mungu, mwanangu."

Akasema, "Sawa, mama," akakata simu, akaomba kalamu kwa muuguzi, akasaini. Wakati anasaini midomo yake ilikuwa ikichezacheza, na haikuwa kwa ajili ya kusoma fomu.

Nataka wanaopima imani wanijibu hapo. Kwenye upasuaji wa namna hiyo moyo wa mtoto husimamishwa kwa makusudi, na mashine ndiyo husukuma damu yake na kuitia oksijeni mpaka kazi iishe. Mama alikuwa ameshaelezwa hayo, na alielezwa pia kwamba wengine hawaamki. Akamtoa mwanawe mgongoni awakabidhi watu asiowajua hata majina. Yule aliyekuwa kwenye simu, mbali, akitaka siku tatu zaidi ili awe na uhakika, ndiye tumwite mwenye imani kubwa?

Wapo watakaosema uponyaji ni wa Mungu na daktari ni chombo tu. Sina ugomvi na sentensi hiyo. Hata madaktari wengi walio waumini huisema. Basi tuifuate mpaka mwisho. Hadi Novemba 1944, mtoto aliyezaliwa na zile hitilafu nne za pamoja zinazoitwa tetralojia ya Fallot, yule anayekuwa bluu akilia, na ambaye akianza kutembea huchuchumaa ghafla ili apate pumzi, hakuwa na tiba popote duniani. Tarehe 29 mwezi huo, Baltimore, Marekani, katika hospitali ya Johns Hopkins, Alfred Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15 ambaye uzito wake haukuzidi sana kilo nne. Wazo la kuyaongezea mapafu damu lilikuwa la Helen Taussig, daktari wa watoto. Ufundi wa kuunga mishipa ulikuwa umefanyiwa kazi maabara, kwa mbwa, na Vivien Thomas, mtu Mweusi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, na ambaye siku ile alisimama kwenye kigoda nyuma ya Blalock akimwelekeza. Mtoto yule aliishi miezi kadhaa tu baada ya hapo. Waliomfuata waliishi, wengi wao, mpaka utu uzima. Je, wazazi wa Baltimore walianza kuamini mwezi huo? Na mamilioni ya wazazi waliotangulia, karne na karne, waliomba vibaya?

Kwetu, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo mzazi alikuwa na mawili: abahatike kupelekewa mtoto nje, India au Israel, ambako watoto wa Zanzibar na wa Bara wametibiwa katika hospitali ya Wolfson mjini Holon, au abaki nyumbani na dua. Waliobaki na dua walikuwa wengi kupindukia. Kwa hiyo naelewa imani hii ilikomalia wapi. Bibi zetu waliambiwa wamwachie Mungu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwachia. Kulirudia neno lao leo, kwenye korido ambayo chumba cha upasuaji kiko upande wa pili wa mlango, ni kuwasingizia bibi zetu.

Na dini? Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali la wodini kabisa, na la hitilafu ya kuzaliwa nayo. Jibu walilopewa ni kwamba si yeye wala wazazi wake. Iko kwenye Injili ya Yohana, sura ya tisa, na sijui wahubiri wa imani haba huirukaje. Upande wa pili, Mtume Muhammad alimzika mwanawe Ibrahim akiwa hajatimiza hata miaka miwili, na alilia mbele za watu. Siku ile jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo cha mtoto wake. Akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Nani athubutu kusema hapo imani ilipungua? Na yule aliyeuliza kama amfunge ngamia au amwache na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza. Eko ndiyo kamba ya ngamia wetu, na kila Ijumaa hadithi hiyo inasomwa na mtu ambaye dada yake nyumbani amezuiwa kwenda kliniki.

Upande wa hospitali nao usichekelee. Yupo muuguzi anayempokea mama kwa "ulikuwa wapi siku zote?" kana kwamba alikuwa harusini. Mara nyingi alikuwa zahanati, akipewa dawa ya nimonia kwa mara ya nne, kwa kuwa aliyempokea hana kipimo cha kumwambia vingine. Alikuwa anatafuta nauli ya kutoka Sumbawanga. Alikuwa anatafuta bima: mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi ulisitishwa, wazazi wakaelekezwa wapitie shuleni, na mtoto wa miezi mitano, kwa ninavyojua, hajaanza shule. Wengi tunaowadhani wamecheleweshwa na maombi wamecheleweshwa na barabara na pochi, na walikuwa wakiomba wakiwa njiani.

Ndiyo maana hesabu hii ya imani inawafaa sana wenye bajeti. Mtoto akifa kwa sababu mama hakuamini vya kutosha, kesi imefungwa pale pale msibani. Hakuna atakayeuliza kwa nini hospitali ya wilaya haina eko, au kwa nini mtoto huyu hakuwekewa kile kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima oksijeni siku ya pili baada ya kuzaliwa, kipimo cha dakika chache kisichotoboa ngozi, ambacho kingewashtua mapema kwa baadhi ya hitilafu zilizo mbaya zaidi. Tunaimba, tunazika, tunamwangalia mama kwa jicho la pembeni, na daftari la wizara linabaki safi.

Sijasema watu wasiombe. Nimeona dua ikimshika mama akasimama usiku ambao miguu yake mwenyewe ilikuwa imekataa. Aombe, na waombe naye, bila kumtahini. Ila upasuaji wa moyo unahitaji damu, na ndugu huombwa walete wachangiaji. Hapo ndipo kundi kubwa lililojaa kwenye maombi ya usiku hupungua ghafla mpaka mjomba mmoja na jirani. Basi mtumishi au ustadhi atakayekwenda wodini wiki hii aje na vijana wake wanne, waliotimiza miaka 18 na kilo 50, wawe wamekunywa chai, na kabla hajapanda ghorofani awapitishe kwanza benki ya damu.