Neno "dawa" linawaponza nyuki

Miongoni mwa maneno tuliyoyazoea hata tukaacha kuyapima ni neno dawa. Hospitalini dawa huponya; shambani dawa huua. Mkulima wa maboga na matango anapopiga dawa asubuhi, huamini kwamba anautibu mmea wake, kumbe huenda anajikatia riziki.

Mimea ya jamii hii huwa na maua dume na maua jike. Chavua yake ni nzito, tena hunata, wala haipeperushwi na upepo. Aghalabu sharti nyuki aichukue kutoka ua dume na kuifikisha kwenye ua jike. Asipofika, kitunda husinyaa na kuanguka, au tango hukua likiwa limepinda. Isitoshe, ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Saa ambazo wakulima wengi hunyunyiza, kabla ya jua kuwa kali, ndizo hizo hizo saa za nyuki kuwa kazini.

Neno wadudu nalo huwatia rafiki na adui katika kapu moja. Adui mkuu hapa ni nzi wa matunda, ambaye hudunga tunda changa na kutaga mayai ndani. Funza wake hula humo humo, mahali ambapo kemikali iliyonyunyizwa juu ya ganda ni vigumu kuwafikia. Mwishowe funza husalimika, nyuki akafa.

Je, mkulima akunje mikono? La hasha! Kituo cha ICIPE jijini Nairobi, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimetafiti kwa miaka mingi njia za kumdhibiti nzi huyu, zikiwemo mitego yenye chambo. Matunda yaliyodungwa yaokotwe na kufukiwa kwa kina. Kuyaacha shambani ni kukilea kizazi kijacho cha nzi. Tunda likishashika, lifungwe kwa karatasi. Mbawakawa waokotwe kwa mkono. Miche ifunikwe kwa wavu, nao uondolewe mara maua yanapochanua. Palipo na dharura ya kunyunyiza, basi iwe jioni, maua yakiwa yamefumba.

Hata hivyo, jioni si kinga dhidi ya kila kemikali. Zipo zinazofyonzwa na mmea na kufika hadi kwenye chavua na nekta. Ni kwa sababu ya hatari kwa nyuki ambapo Muungano wa Ulaya, mwaka 2018, ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi, klothianidini na thiametoksamu katika mashamba ya wazi.

Wapo watakaosema kwamba kuokota na kufunga matunda ni kazi ya kuchosha. Ni kweli, hasa kwa mwenye shamba kubwa. Lakini gharama ya kemikali ni fedha taslimu, na mmea usiochavushwa hauzai hata ukinyunyizwa kila wiki. Shule zenye vishamba na mikono mingi ndizo zinazofaa kuonyesha njia.

Mwalimu na aanze na msamiati. Ubaoni aandike sumu ya wadudu badala ya dawa. Mwanafunzi aliyezoea kuiita sumu atauliza maswali ambayo neno dawa huyafunika: itamfikia nani mwingine, na saa ngapi?