Kuchoma, Kunakili au Kuandika?

Mafundi wa elektroniki hupenda kusema kwamba "wanachoma" chipu ya kumbukumbu. Istilahi hii, kwa maoni yangu, imepitwa na wakati. Katika chipu za awali za aina ya PROM, nyuzi nyembamba ziliunguzwa kwelikweli, wala hazikurudi tena. EPROM, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka wa 1971, ilifutwa kwa miale ya urujuanimno ikaandikwa upya. EEPROM hufutwa kwa umeme tu. Kinachochomwa ni nini?

Tukisema "kunakili" je? Neno zuri, ila halionyeshi mwelekeo, na hapo ndipo hasara huzuka. Kifaa kinachojitegemea, chenye vibonye na skrini yake pasipo tarakilishi, husoma chipu asilia na kuyahifadhi yaliyomo. Fundi huyahariri kwa tarakimu za mfumo wa kumi na sita, huyaandika katika chipu mpya, kisha hulinganisha. Anayekosea mwelekeo huiandikia chipu asilia utupu: baiti zote 256 za chipu ndogo kama 24C02 husomeka FF, na nakala nyingine hakuna. Mwongozo uliosema "nakili" haukumwonya. Maneno "soma" na "andika" yangemwonya.

Na kifaa chenyewe? "Mtayarishaji programu" ni mtu, ngeli ya A-WA. Napendekeza "kiandishi", KI-VI. Anayelipinga na alete lake, mradi awe amesimama kwanza kando ya meza ya fundi.