TAHARIRI – Marekani: Njia za jeep zinafungwa, anayebaki barabarani ni mwenye hati na jembe

Kila mwaka, kwa muda wa siku tisa zinazoishia siku ya yenga ya Pasaka, mji mdogo wa Moab, katika jimbo la Utah huko Marekani, hujaa jeep. Wakaaji wake ni zaidi kidogo ya 5.000, lakini siku hizo motokari za 4x4 hupanga mistari kuelekea kwenye majabali mekundu yanayozunguka mji. Mkutano huo ulianza mwaka 1967 na unaitwa Easter Jeep Safari. Neno safari walilichukua katika Kiswahili, na hakuna aliyewadai kodi.

Sasa sehemu ya njia za huko imefungwa. Mwezi wa tisa 2023, ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, inayojulikana kwa herufi BLM, ilitoa ramani mpya ya eneo la Labyrinth Canyon na Gemini Bridges, kama hekta 120.000 karibu na Moab. Katika kilomita zaidi ya 1.800 za njia zilizohesabiwa, kilomita kama 510 zilifungwa kwa motokari na pikipiki. Vilabu vya jeep vilipiga kelele. Jimbo la Utah lilipinga. Shirika la BlueRibbon Coalition, linalowatetea madereva hao, lilikimbilia mahakama.

Kwa msomaji wa Beni au Uvira, ambaye motokari ya mizigo inaweza kulala siku tatu ndani ya matope bila mtu kuiita mchezo, jambo hili linaonekana kama ugomvi wa watu walioshiba. Wanatafuta mawe ya kupanda, wakati hapa watu wanatafuta namna ya kuyakwepa. Ni kweli. Lakini ndani ya ugomvi huo kuna swali ambalo mashariki ya Congo inalijua vizuri: njia ambayo watu wameipita miaka na miaka ni ya nani, na ni nani anayepaswa kuulizwa kabla haijafungwa?

Tena, njia nyingi za Moab zina undugu wa mbali na Congo. Sehemu kubwa ya uranium iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Baada ya vita, Marekani haikutaka kuendelea kutegemea shimo lililo mbali hivyo, chini ya mkoloni wa Ubelgiji. Ikatangaza bei nzuri kwa yeyote atakayepata madini hayo nyumbani. Watu wakanunua jeep za jeshi zilizobaki, wakaingia katika jangwa la Utah. Mwaka 1952 mmoja wao, Charlie Steen, alipata uranium nyingi kusini mwa Moab, na mji ukafurika. Tingatinga zilikata njia kila upande, nyingine mpaka ukingoni mwa korongo, nyingine zikaishia mahali ambapo hapakupatikana kitu. Bei ya uranium iliposhuka, wachimbaji wakaenda zao. Njia zikabaki. Walioziokota ni watu wa vilabu vya jeep.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Njia hizo hazikupangwa na mtu. Hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii, wala kwa ajili ya wanyama, wala kwa ajili ya maji. Zilifuata harufu ya madini. Anayedai leo kwamba kila mojawapo ni urithi usioguswa anasahau namna zilivyozaliwa.

Ardhi yenyewe ni ya serikali kuu. Karibu theluthi mbili ya jimbo la Utah iko mikononi mwa Washington, na BLM peke yake inasimamia kama hekta milioni 99 katika nchi nzima, zaidi ya mara 16 ya jimbo la Kivu Kaskazini. Kwa miaka mingi mtu aliweza kupita popote motokari yake ilipoweza. Mwaka 1972 rais Richard Nixon alitoa amri ya kwanza: kila ofisi ya ardhi ionyeshe mahali ambapo motokari zinaruhusiwa kutoka barabarani na mahali ambapo haziruhusiwi, na njia zichaguliwe kwa namna itakayopunguza madhara kwa udongo, maji, majani, wanyama na watu wengine wanaotumia eneo hilo. Mwaka 1977 Jimmy Carter akaongeza: panapoonekana madhara makubwa, pafungwe mara moja. Mwaka 2005 ofisi ya misitu ilikaza kamba zaidi kwa upande wake. Kila msitu ulitakiwa kutoa ramani, na njia isiyokuwa kwenye ramani ikahesabiwa kuwa imefungwa.

Hilo la mwisho ndilo lililogeuza kila kitu. Zamani njia ilikuwa wazi mpaka mtu aifunge. Baada ya ramani, njia imefungwa mpaka mtu aiandike. Kilabu ambacho hakikuhudhuria mikutano, au kilidharau karatasi za ofisi, kiligundua siku moja kwamba bonde lililopitiwa na babu zao halina mstari kwenye ramani.

Wanaotetea mazingira nao hawakuzua tu. Udongo wa jangwa la Moab una ngozi ya juu nyeusi, yenye viumbe vidogo vinavyoshika mchanga na kuhifadhi maji. Gurudumu likipita mara moja, ngozi hiyo inavunjika, na kupona kwake kunaweza kuchukua makumi ya miaka. Tena kuna michoro ya kale ya wenyeji wa kwanza wa Amerika kwenye miamba, na kuna watu wanaokuja kutembea kwa miguu au kushuka mto Green kwa mtumbwi ili wapate kimya. Siku hizi kuna vigari vidogo vya kelele vinavyokodishwa kwa wageni, na wakaaji wa Moab wenyewe wamelalamika juu yake mpaka halmashauri zao zikatunga kanuni za kelele. Shirika la Southern Utah Wilderness Alliance na wenzake walishitaki mipango ya zamani ya BLM tangu 2008, na mapatano ya mwaka 2017 yaliilazimisha ofisi hiyo kuangalia upya njia za maeneo kadhaa ya Utah. Ramani ya 2023 ni mtoto wa mapatano hayo.

Basi vilabu vina haki gani? Wanayo moja yenye uzito. Wazee, walemavu na watu wasioweza kubeba mzigo mgongoni hufika mahali hapo kwa motokari tu. Ukifunga njia unafunga pia mlango kwa mtu huyo, hata kama ardhi inaendelea kuitwa ya umma. Lakini vilabu vinakosea vinapozungumza kana kwamba kila kilomita iliyofungwa imeibwa. Kilomita kama 1.300 zilibaki katika eneo lile lile la hekta 120.000. Hiyo si njaa.

Jimbo la Utah limechagua silaha nyingine: sheria ya mwaka 1866, ya wakati wa farasi na magari ya ng'ombe, iliyotoa haki ya kupitisha barabara katika ardhi ya umma. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1976, lakini haki zilizopatikana kabla ya hapo zilibaki hai. Mwaka 2011 na 2012, Utah na wilaya zake zilifungua kesi zaidi ya 20, zikidai njia zaidi ya 12.000. Ili kushinda, inabidi kuonyesha kwamba watu wote waliipita njia hiyo kwa miaka kumi mfululizo kabla ya 1976. Nani anakumbuka? Wazee. Wachunga ng'ombe na wachimbaji wa zamani wamekuwa wakiitwa mbele ya wanasheria ili ushahidi wao uandikwe kabla hawajafariki, njia moja baada ya nyingine. Mzee akifa bila kuandikwa, huenda njia ikafa naye. Kesi zinaenda polepole kuliko umri wa mashahidi.

Mfano mzuri kuliko kelele za Moab uko California, kwenye milima ya Sierra Nevada. Njia ya Rubicon ina urefu wa kama kilomita 35, kuelekea ziwa Tahoe, na wenye jeep wanaihesabu kati ya njia ngumu na maarufu kuliko zote. Tangu miaka ya 1950 misafara mikubwa inaipita. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imechoka. Udongo ulikuwa unashuka mitoni, mafuta ya injini yalikuwa yanamwagika kwenye mawe, na watu walikuwa wanajisaidia popote, mpaka mwaka 2004 wilaya ya El Dorado ikafunga eneo la Spider Lake kwa sababu ya uchafu wa binadamu. Mwaka 2009 bodi inayosimamia maji ya sehemu hiyo iliamuru wilaya na ofisi ya misitu wasafishe na kutengeneza. Wengi waliamini njia ile imekwisha.

Haikufungwa. Kwanza, ilikuwa na hati. Wilaya ya El Dorado iliitangaza kuwa barabara ya umma mwaka 1887, na karatasi hiyo ilipatikana ilipohitajika. Pili, ilikuwa na watu. Watumiaji wa njia walikuwa wamejikusanya tangu 2001 katika kundi la Friends of the Rubicon, na walikuja na majembe badala ya mabango tu. Walichimba mifereji ya kugeuza maji, vyoo na madaraja yakapatikana. Mlangoni mwa njia wakasimama watu wa kujitolea wakigawa mifuko ya kubebea choo na vifaa vya kufyonza mafuta yanayovuja. Si kazi ya kupigia picha. Mwaka 2012 ofisi ya misitu iliipa wilaya haki rasmi ya kupita katika ardhi yake. Vilabu vinavyolia Moab vingefaa kuangalia hapo kabla ya kumlipa mwanasheria mwingine.

Hapa mashariki ya Congo njia inafungwa kwa namna nyingine. Inafungwa na mvua, na bariera ya watu wenye silaha, na mwenye konsesio anayezungusha waya siku moja, na asubuhi mama mwenye kitunga anakuta njia ya kwenda sokoni imekuwa malisho ya ng'ombe. Anazunguka. Mwenye chukudu anazunguka. Hakuna tangazo, hakuna siku thelathini za kutoa maoni, mara nyingi hakuna hata ofisi ya kupeleka malalamiko. Tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali, lakini njia ya miguu kati ya kijiji na shamba haimo kwenye hati ya mtu yeyote. Haina ushahidi isipokuwa nyayo, na nyayo hazisimami mbele ya tribinali.

Watu wa Rutshuru, Lubero na Beni wanajua uzito wa mstari kwenye ramani. Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925 na wakoloni, na karibu miaka mia moja baadaye wakulima na walinzi bado wanabishana mpaka unapita wapi. Sasa kuna ramani mpya, kubwa zaidi. Mwezi wa kwanza 2025 Serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 500.000. Kinshasa inasema si parke, ni eneo ambalo wakaaji wataendelea kulima, kuuza na kusafiri. Inawezekana. Hata hivyo mashirika ya raia yameuliza ni vijiji gani vilivyoketi na kuulizwa, na swali hilo halina ubaya wowote.

Kinachokosekana katika majibu ni jambo dogo sana: njia. Ramani za ukanda zinaonyesha misitu, mito na barabara kuu. Haziwezi kuonyesha njia ambazo hakuna aliyezipima, zile za kwenda mtoni, za kwenda kaburini, za kupitisha mihogo na makaa, zile za pikipiki kati ya masoko mawili. Ikiwa siku moja kanuni itasema kama ile ya misitu ya Marekani, kwamba isiyo kwenye ramani imefungwa, nani ataonyesha kwamba njia hizo zilikuwapo?

Kazi ya kuzihesabu haihitaji kungoja mradi wa wafadhili. Simu nyingi za mkononi zinaweza kurekodi njia mtu anapotembea. Chifu wa kijiji, mwalimu na vijana wawili wa pikipiki wanaweza kuzipita njia za kijiji chao, kuandika majina yake na kuwauliza wazee tangu lini zinapitwa, kisha kuweka muhuri na kupeleka nakala kwenye sheferi, teritwari na ofisi ya ardhi. Mahali ambapo vita vinazuia kutembea, ushahidi wa wazee unaweza kuandikwa hata kambini, kwa sababu wengi wao wamekimbia na hawajulikani watarudi lini. Huko Utah wanaandika ya wazee wao ili watu wapate mahali pa kuchezea jeep. Hapa njia hiyo ndiyo inayofikisha mgonjwa kwenye kituo cha afya.

Na pale ambapo njia tayari imeandikwa, salongo ya siku ya posho iingie pia kwenye mifereji yake, si mbele ya ofisi ya teritwari tu siku mkubwa anapokuja.