Maiti Asiye na Mtu ni wa Nani?

Limekuwa neno la barazani siku hizi, kuanzia Malindi hata Mkunazini, kwamba kwa kuwa zimevumbuliwa meza za kompyuta zenye kuonyesha mwili mzima wa binadamu, basi wanafunzi wa udaktari hawana haja tena ya kupasua maiti, na sisi Waislamu tumepumzika na mas-ala hayo. Neno tamu, walakin wanaolisema wamejipumzisha mapema.

Kwanza, hizo picha zimetoka wapi? Zilizo mashuhuri zilitolewa Marekani mwaka 1994, na mwili ni wa Joseph Paul Jernigan, aliyeuliwa kwa hukumu ya mahakama huko Texas mwaka 1993, naye alikuwa amekwisha kuutoa mwili wake kwa ajili ya elimu. Uligandishwa, ukakatwa kwa unene wa milimita moja moja, zikapatikana picha 1,871. Mwaka 1995 akafuata mwanamke. Basi mwenye kusema kompyuta haina maiti, ajue ndani yake mna maiti. Tofauti ni kuwa mmoja huyo amewatosheleza maelfu, na tofauti hiyo siidharau hata kidogo.

Lakini mtu mmoja ni mtu mmoja. Hebu msomaji, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo. Wengi wenu mtaona mshipa mgumu umesimama katikati ya kifundo cha mkono. Wengine hawanao kabisa, wala si wagonjwa. Atayajuaje hayo aliyesomea mwili mmoja wa kwenye kioo? Abdul-Latif al-Baghdadi alikuwako Misri wakati wa njaa kuu ya mwaka 1200 hadi 1202, akatazama mafuvu mengi ya waliokufa, akaona utaya wa chini ni mfupa mmoja, ilhali Galen, ambaye vitabu vyake vilifuatwa kwa miaka elfu, alisema ni miwili. Sheikh huyo hakupasua mtu. Mifupa ilikuwa imelala wazi, naye akayaamini macho yake kuliko kitabu. Na kompyuta nayo ni kitabu.

Kwa hivyo maiti hajatoka darasani. Jee, ni nani huyo? Hapa ndipo baraza linaponyamaza. Katika sehemu kubwa ya Afrika, na Afrika Mashariki imo, maiti wa kufundishia aghlabu ni wale waliokosa wa kuwachukua hospitalini. Mgeni, hamali, kichaa wa njiani. Hakuulizwa alipokuwa hai, na tajiri halazwi juu ya meza ile. Sisi twashukuru kuwa wetu huzikwa siku ile ile, kisha watoto wetu twawapeleka kwa daktari aliyejifunza kwa mwili wa fakiri.

Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, Oktoba 1987, liliruhusu kupasua kwa ajili ya kufundisha, kwa masharti. Maiti akiwa ni mtu anayejulikana, awe ameridhia kabla ya kufa au warithi wake waridhie, isizidi dharura, wanawake wapasuliwe na madaktari wanawake, ila wasipopatikana, na vipande vyote vizikwe. Basi somo linalotosha kwa kompyuta, kisu hakina udhuru humo, kwani Mtume (s.a.w.) ameufananisha mfupa wa maiti unaovunjwa na wa aliye hai.

Wako wanaolishika lile neno "anayejulikana", wakasema asiye na mtu hana wa kuulizwa. Subhanallah! Kumwosha Mwislamu, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya; asipopatikana wa kufanya, dhambi ni ya mji mzima. Vipi basi tuwe na wajibu juu yake kisha tuseme hana mtu? Na asiye Mwislamu naye ni mwana wa Adam aliyekirimiwa na Mola wake.

Tangu mwaka 2007, kwa msaada wa walimu wa Cuba, vijana wetu wanasomea udaktari hapa hapa Unguja, na wengine huvuka bahari kwenda Muhimbili. Wanaotaka kutoa miili yao kwa elimu waandikishwe wakiwa hai, na akili zao timamu. Ama hao wasio na mtu, kila msikiti unalo jeneza, na sanda haikosi mtu wa kuitoa. Kamati za misikiti na ziende hospitalini zikaache nambari ya simu, ili akikosekana wa kumchukua maiti, tupigiwe sisi.