Taarifa za Wananchi Zisiachwe Kitini mwa Gari

Mtumishi wa Serikali anayefanya kazi Mtumba na kuishi Zuzu hana budi kuuvuka mji wa Dodoma kutoka mashariki hadi magharibi kila jioni. Njiani ana mambo ya kutimiza: kununua mboga sokoni Majengo, kumchukua mtoto shuleni, kuwakagua mafundi kiwanjani kabla jua halijazama. Kila asimamapo, mkoba wa ofisi hubaki kitini mwa gari. Ndani yake mna kompyuta mpakato, simu, na pengine jalada alilokusudia kulimaliza usiku. Yeye hudhani ameacha mkoba wake. Kwa hakika ameacha taarifa za watu wengi ambao hawajui kwamba majina yao yamo garini.

Zamani jalada lilikaa masijala. Lilipotoka liliandikwa daftarini, na aliyelichukua alitia saini. Siku hizi kompyuta moja yaweza kubeba masijala nzima, nayo hutoka mlangoni bila saini ya mtu. Walimu nao wamo katika hali hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwezi Agosti mwaka huo vilianza kugawiwa kwa walimu. Kifaa cha namna hiyo chaweza kuhifadhi majina ya wanafunzi, alama zao, namba za simu za wazazi, na hata maelezo ya mtoto mgonjwa au yatima ambayo mzazi au mlezi alimnong'oneza mwalimu kwa kumwamini. Kishikwambi chaweza kununuliwa kingine. Imani ya mzazi yule hainunuliki.

Dodoma nayo imebadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, mji umepanuka hata ukatangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018. Zuzu, iliyojulikana zaidi kwa reli ya kati na mashamba, sasa ina kituo kikubwa cha kupozea umeme na nyumba mpya za watumishi. Mji unapokua, wema wake hukua na wezi wake huongezeka. Desturi ya kijijini ya kuacha mlango wazi haifai kuhamishiwa kwenye maegesho ya magari.

Sheria imekwisha kusema. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda haki ya mtu ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wote wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wazilinde zisipotee wala kuangukia mikononi mwa wasiohusika. Tume ya kusimamia jambo hilo ilizinduliwa Aprili 2024. Wajibu huo haukomi kwenye mlango wa ofisi. Taarifa ikisafiri, wajibu husafiri pamoja nayo.

Asidhani mtu kwamba hili ni jambo la nchi changa peke yake. Mwezi Desemba 1990, ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza aliegesha gari magharibi mwa London ili atazame magari yaliyokuwa yakiuzwa. Aliporudi alikuta kompyuta na mikoba yenye siri za maandalizi ya Vita vya Ghuba imeibwa. Baadaye vitu hivyo vilirudishwa, lakini ofisa huyo alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwezi Oktoba 2012, kompyuta ya mtumishi wa NASA, shirika la anga la Marekani, iliibwa ndani ya gari lililokuwa limefungwa. Kompyuta hiyo ilikuwa na neno la siri, lakini yaliyomo hayakuwa yamefungwa kwa usimbaji, na taarifa binafsi za watumishi wengi zikawa hatarini. Funzo la mikasa hiyo miwili ni moja: kufunga mlango wa gari si ulinzi, na neno la siri peke yake halitoshi.

Mwizi wa garini hahitaji ufundi mkubwa. Hutazama kupitia kioo, huona mkoba, huvunja na kuondoka kabla mwenye gari hajamaliza kulipia nyanya. Kuuhamishia mkoba kwenye buti mbele ya watu, mara tu baada ya kuegesha, ni kumwonyesha ulipo. Mwenye kulazimika kuuweka huko na auweke kabla hajaanza safari, na lililo bora ni kushuka nao. Tena jua la Dodoma halina huruma kwa betri za vifaa vilivyofungiwa garini mchana kutwa.

Simu yahitaji uangalifu wa pekee, kwa maana siku hizi ni kitambulisho na pochi kwa pamoja. Wengi hufunga simu wakasahau kuifunga laini yenyewe kwa namba yake ya siri. Mwizi huichomoa laini na kuitia katika simu nyingine. Namba ya utambulisho wa simu, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Simu ikiibwa, kampuni iarifiwe mara moja ili ifunge laini, kisha polisi, kisha ofisi.

Hata hivyo, si haki kumtwika mtumishi mzigo wote. Shule isiyo na kabati lenye kufuli haiwezi kumlaumu mwalimu kwa kutembea na kishikwambi. Ofisi inayotaka taarifa ikamilike asubuhi, huku ikijua kwamba haiwezi kukamilika saa za kazi, ndiyo iliyoitoa kompyuta mlangoni. Ni juu ya wakuu wa idara na wakuu wa shule kuhakikisha kwamba vifaa vyote vya umma vimefungwa kwa usimbaji, vimeandikwa katika daftari la kutoka na kuingia, na havibebi taarifa isiyohitajika kwa safari ile.

Liko jambo jingine zito zaidi. Mahali pengi, anayepoteza kifaa cha ofisi huwaza kwanza makato ya mshahara na barua ya onyo. Kwa hofu hiyo hunyamaza siku mbili au tatu, akitumaini kukipata. Siku hizo ndizo mwizi anazozihitaji. Uzembe uadhibiwe, lakini anayetoa habari saa ile ile asiwekwe kundi moja na anayeficha. Ofisi inayoadhibu ukweli itaambulia ukimya, na wananchi ambao taarifa zao zimeibwa ndio watakaolipa gharama ya ukimya huo.

Mwananchi anapojaza fomu ofisini, au mzazi anapomwandikisha mtoto shule ya Zuzu, haombi hati ya dhamana. Hutoa jina lake, namba yake na shida zake kwa sababu anaamini kwamba aliye mbele yake atazitunza. Dhamana hiyo haina budi kushuka garini pamoja na aliyekabidhiwa.