Mwandishi Aingie Msibani kwa Hodi

KWA UWAZI
Na Rehema Kilindo

Kwa desturi zetu, habari ya kifo ina njia yake. Kijana akifia mbali, baba yake hapigiwi simu akiwa barabarani. Hutafutwa mjomba, au balozi wa mtaa, au shehe, au mchungaji. Huenda watu wawili watatu, hupiga hodi, huketi, husalimiana na wenyeji, na neno lenyewe hutolewa mwishoni, mtu akiwa amekaa na kuna wa kumshika. Wazee waliotuachia utaratibu huu walijua kwamba mshtuko nao unaweza kuua.

Siku hizi kamera imewatangulia wazee. Mafuriko yakitokea usiku, kufikia asubuhi picha za maiti zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kurasa za vyombo vya habari, uso wazi, nguo zikitambulika. Kuna mama anayemjua mwanawe kwa shati tu. Ukipokea picha kama hiyo, msomaji wangu, tafadhali isifike kwa mwingine kupitia kwako. Na wewe mwandishi uliyeipiga, jiulize kama ungekubali iwe ndiyo barua ya kwanza nyumbani kwenu.

Mwaka 2019, baada ya shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya Dusit jijini Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa. Wakenya walilipinga kwa sauti moja, na haki ilikuwa upande wao. Marehemu ana heshima yake, awe wa taifa gani. Lakini hoja hiyo haiwezi kuwa na nguvu dhidi ya gazeti la kigeni peke yake. Marehemu wa kijijini, ambaye familia yake haina wakili wala jamaa serikalini, anastahili sitara ileile iliyodaiwa kwa wale wa mjini. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Habari ya Kenya ya mwaka 2013 zilisema wazi kwamba picha za majonzi na maafa zisipewe nafasi kirahisi, na kwamba mwandishi anapomwendea aliyepatwa na msiba aende kwa upole. Kanuni zipo. Pengo liko pale eneo la tukio, saa tatu asubuhi, mhariri anapopiga simu kudai picha.

Sisemi waandishi wakae mbali. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, kulikokuwa na baa la njaa, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zao ziliporushwa Oktoba 23, serikali na watu wa kawaida waliokuwa wamelala wakaamka. Misaada ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha la kuwachangia wenye njaa, Live Aid. Watu wengi wako hai kwa sababu ya kamera ile. Anayetaka kamera izimwe kwa jina la heshima atueleze Korem ingejulikana vipi.

Hata hivyo, kazi ile kubwa iliacha kitu nje. Watazamaji wengi waliona ukame. Hawakuona vita vilivyokuwa vikipiganwa Tigray na Eritrea, wala mkono wa serikali ya Mengistu Haile Mariam katika njaa ile. Walimhurumia mwenye njaa bila kujua ni nani aliyemnyima chakula. Hapo ndipo penye shauri langu la leo: huruma ya mwandishi inakamilika anapouliza chanzo, na chanzo hakimo ndani ya machozi ya mfiwa.

Novemba 13, 1985, volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia iliyeyusha barafu ya kileleni, na tope likaufunika mji wa Armero. Walikufa zaidi ya watu 20,000. Omayra Sánchez, binti wa miaka 13, alinaswa kwenye maji na kifusi kwa takriban siku tatu, akizungumza na waliomzunguka, hadi alipokata roho. Picha aliyopigwa na Frank Fournier ilipata tuzo ya World Press Photo, naye akatupiwa lawama kwamba alipiga picha badala ya kuokoa. Simlaumu. Waokoaji walikuwepo na vifaa vya kumtoa hawakuwa navyo. Kinachoniumiza ni kwamba ramani ya kuonyesha hatari ya mlima ule, Armero ikiwemo, ilikuwa imetolewa mwezi mmoja tu kabla. Ramani ile ndiyo iliyostahili kurasa za mbele, ikarudiwa kila siku, mpaka watu wahamishwe.

Karibu na kwetu, alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliifagia Kamuchiri, Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, na kuua makumi ya watu waliokuwa usingizini. Habari za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba maji yalijikusanya mahali mto unapopita chini ya reli, njia ilipoziba, hadi yakajifungulia njia yenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Bwawa likipasuka, anaulizwa mwenye bwawa, kama ilivyokuwa Solai, kaunti hiyohiyo, mwaka 2018, ambako suala lilifika mahakamani. Njia ya maji ikiziba chini ya reli, anaulizwa mwenye jukumu la kuisafisha. Mwandishi akikosea chanzo siku ya kwanza, swali linakwenda mlango usio wake, na masahihisho ya wiki ya pili hayasomwi na mtu.

Huku kwetu Tanzania kuna ugonjwa mwingine. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka. Hana gari, na hana posho ya kulala. Gari linalokwenda kwenye maafa ni la msafara wa kiongozi, basi anapanda hilo, anafika nalo na kuondoka nalo. Ndiyo maana habari zetu za maafa huanza na kiongozi aliyetoa pole na kuishia na kiongozi aliyetoa maagizo. Katikati huwekwa mama mmoja akilia, asiyetajwa hata jina. Msafara ukiondoka, na habari imeondoka.

Katika misafara hiyo ndimo ninamoona aibu kubwa zaidi. Mzee aliyepoteza nyumba na wajukuu anasimamishwa foleni, anakabidhiwa blanketi na mfuko wa unga, anaambiwa ageukie kamera, kisha kipaza sauti kinasogezwa ili ashukuru. Anashukuru, afanyeje? Mtoto asiye na mlezi pembeni anaulizwa mama yako yuko wapi. Kijana aliyetoka kuzika anaulizwa unajisikiaje. Wadogo zangu mlio kazini, swali hilo lifuteni kwenye daftari. Sote tunajua anavyojisikia. Piga hodi kwanza, mpe pole, jitambulishe, muulize kama yuko tayari kuzungumza, na akikataa ondoka bila kumrekodi kwa mbali. Akikubali, muulize anayoyajua yeye na sisi hatuyajui: mvua ilianza lini, kuna aliyewaonya, nani alifika wa kwanza kuokoa, mlima au mto huu uliwahi kufanya hivi zamani. Huyo atajibu kama shahidi, kwa heshima ya shahidi.

Maafa ya Mlima Hanang, hapa kwetu Tanzania, yalituonyesha haja ya maswali hayo. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani hadi Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafa. Uvumi wa volkano ulianza mara moja. Serikali ikaeleza kuwa si volkano: sehemu ya mlima iliyonyonya maji ya mvua ilimeguka. Sawa. Sasa, je, ni sehemu gani nyingine za mlima ule ziko katika hali hiyo? Nani anazipima, na wanakijiji wanaambiwa kwa njia gani? Hayo yanamgusa kila anayelala chini ya mlima huo mvua zinaponyesha.

Waathirika walijengewa nyumba Waret na kukabidhiwa Desemba 2024. Tuliona makabidhiano. Wahariri, nawaomba mumpe mwandishi mmoja nauli na posho ya wiki moja, aende Waret na Katesh bila msafara wa mtu yeyote, akae na watu, awaulize wanaishije na wanaogopa nini, kisha awafuate wataalamu wa miamba kwa majibu. Akirudi, habari yake iwekwe ukurasa wa mbele.